Sanduku Jekundu la Shaylene

“Delphine, mbona sanduku jekundu la Shaylene liko kwenye pikapu ya Orville?”

Leota, jirani yangu, aliniuliza hivyo Jumatatu asubuhi, theluji bado iko kwenye viatu vyake na salamu hajaimaliza. Jumamosi hakukaa mpaka mwisho. Goti lilimuuma, mpwa wake akamrudisha nyumbani kabla mgao wa zawadi haujakwisha, kwa hiyo hakuona. Mimi niliona. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale, na sikufungua kinywa.

“Amempa,” nikamjibu.

“Amempa? Sanduku la kazi?”

“Mbele ya watu wote.”

Leota akaketi bila kukaribishwa, akajimiminia kahawa yangu. “Na Alhamisi si ndiyo anakuja yule Bernelle wa ofisi ya mafunzo kukagua vifaa?”

“Alhamisi saa nne.”

“Basi mwambieni Orville amuazime kwa siku moja tu!”

Nikamtazama. Naye akatazama kikombe, akanywa kahawa. Alijua alichosema ni upuuzi. Kitu kilichotolewa kwenye mgao hakiombwi, hakiazimwi, wala hakitajwi mbele ya aliyepewa kana kwamba mikono bado inawasha. Hata watoto wetu wanalijua hilo kabla hawajajua kufunga kamba za viatu.

Jumamosi ile mume wangu, Ambrose, alikuwa ametimiza mwaka tangu afariki, na kwetu siku hiyo wafiwa ndio wanaowagawia watu vitu. Kwa mwaka mzima mimi na mjukuu wangu Shaylene tulikusanya vitu vya kugawa: mataulo, sufuria, mifuko ya kahawa, na juu ya yote mablanketi ya nyota, yale ya vipande vya kitambaa vinavyoanzia katikati na kufunguka kama jua linalochomoza. Niliyashona mwenyewe. Niliomba rozari huku nashona, na kila nilipomaliza moja nilisema ni la nani. Hili la padri. Hili la wauguzi. Hili la wale vijana sita waliobeba jeneza.

Shaylene alilelewa na babu yake zaidi ya nilivyomlea mimi. Ambrose ndiye aliyemfundisha kuchomeka waya wa redio, kufungua pampu ya kisima, kushika tochi bila kuitikisa. Mwaka ule wa msiba aliomba nafasi ya kujifunza ufundi wa umeme, miaka minne chini ya mafundi wa mji wa Rapid, ukisoma huku unalipwa. Ofisi ya mafunzo ya kabila letu ilimkubalia msaada: buti, mafuta ya gari, kodi ya chumba miezi ya mwanzo, na lile sanduku jekundu likiwa na koleo, bisibisi za kila namna, nyundo, mkanda, na testa ya kupimia umeme. Ofisi hununua vifaa mara moja tu kwa mtu mmoja. Na kabla mtu hajaenda, Bernelle huja nyumbani na orodha, aone kila kitu kwa macho yake, ndipo aweke sahihi. Bila sahihi, nafasi inakwenda kwa anayefuata, na wanaosubiri ni wengi.

Sasa Jumamosi. Tuliandaa kwa ajili ya watu wetu wa hapa. Ndugu zake Ambrose wa kaskazini walisema theluji imewafungia njia. Saa saba mchana wakatokea, magari matatu yamejaa pomoni, wanacheka, wameendesha polepole nyuma ya gari la kukwangua theluji. Nilifurahi. Pia nikaanza kuhesabu mataulo upya. Mtangazaji akaanza kuita majina, nasi tukatoa, tukatoa. Wageni huwezi kuwaacha mikono mitupu. Mataulo yakaisha. Kahawa ikaisha. Blanketi la mwisho nikamfunika nalo shangazi yake Ambrose, mwanamke wa miaka tisini na mmoja.

Ndipo nikamwona Orville amekaa karibu na mlango, mahali pake pa siku zote, kofia kwenye goti.

Orville ni mdogo wake Ambrose kwa baba mdogo, kwa hiyo ni shemeji yangu. Hajaoa. Januari ile Ambrose alipofariki ardhi ilikuwa jiwe. Orville alichoma matairi juu yake siku mbili ili ilainike, kisha akachimba kaburi kwa sururu, karibu lote peke yake, na mguu wake ule mbovu. Nami nilimweka mwisho kwenye orodha. Nilisema moyoni, huyu ni mtu wa nyumbani, ataelewa.

Mtangazaji aliita jina lake. Orville akasimama. Mezani hapakuwa na kitu hata kimoja. Watu wakaanza kutazama miguu yao ili wasinitazame mimi.

Shaylene akatoka nje anakimbia hadi kwenye gari lake. Akarudi na lile sanduku jekundu, analibeba kwa mikono miwili, buti zake mpya zinaacha theluji sakafuni. Akaliweka mbele ya Orville. Akampa mkono. Akasema kwa sauti ya kusikika, “Babu Orville, wewe ndiye uliyemlaza babu yangu vizuri.”

Watu wakapiga vigelegele. Wazee wakalia. Kwa kweli lilikuwa jambo zuri kuliko yote niliyoyaona katika ukumbi ule. Nami peke yangu pale ndani nilijua kwamba halikupaswa kutokea, maana nilishona mablanketi arobaini nikaleta thelathini na tisa.

* * *

Jumanne tulikaa mezani, mimi na Shaylene, tunakula supu iliyobaki.

“Utamwambia nini Bernelle?”

“Ukweli, Bibi. Nimevigawa.”

“Naye ni mtu wa kwetu. Ataelewa.”

“Ataelewa, halafu atanifuta jina.” Akacheka, lakini kijiko alikiweka chini. “Usinitazame hivyo. Ningefanya nini? Ningemwacha Babu Orville arudi kwake na kofia yake?”

“Hapana.”

“Ningempa buti, lakini nilikuwa nimezivaa. Halafu mguu wake namba kumi na tatu.”

“Leota anasema kuna mtu anaweza kukuazima vifaa, Bernelle avione siku hiyo tu.”

“Na Jumatatu nikifika kazini nitafanya kazi na nini? Na meno?” Akaniinamia, akanipapasa mgongo kana kwamba mimi ndiye niliyepoteza kitu. “Usilie, Bibi. Mwakani nitaomba tena.”

Sikulia. Nilikwenda chumbani, nikapiga magoti kando ya kitanda. Nilimwambia Mungu habari ya Shaylene kwa urefu, kana kwamba hakuwapo ukumbini. Nikamwomba vifaa. Nilipofumbua macho, kilichokuwa mbele ya pua yangu ni kasha la chini ya kitanda, maana nilikuwa nimepiga magoti mbele yake.

Ndani ya kasha lile mlikuwa na blanketi la arobaini. Nililishona kwa mashati ya Ambrose. Katikati ni shati la kijani la mirabaraba, pembeni yale ya kazi ya buluu, na nyuma flaneli yake ya kulalia. Nilipoanza kulishona nilisema, hili la Orville. Nilipolimaliza nilijifunika nalo kidogo, nione kama lina joto. Lilikuwa na harufu yake bado. Nikalikunja, nikalifungia, nikajiambia kwamba mjane naye ni mtu.

Leota alishanipa wazo lake. Kuna duka la watalii Rapid linalonunua mablanketi ya nyota kwa bei nzuri. Moja la kazi safi kama ile lingeweza kulipia nusu ya vifaa, na nusu angechangisha yeye kanisani, maana kwa kuchangisha hana aibu. Niliwaza. Siwezi kusema sikuwaza. Lakini blanketi lile tayari lilikuwa na mwenyewe, na kila nilivyolipindua lilikuwa bado na mwenyewe. Nikiliuza nitakuwa nimeuza mali ya Orville ili nimnunulie mjukuu wangu alichompa Orville. Hata mimi, niliyeishia darasa la sita kwa masista, hesabu hiyo niliona haikubali.

* * *

Jumatano asubuhi nilikwenda kwa Orville. Anakaa kwenye trela nyuma ya kituo cha zimamoto, na mbwa wake mmoja. Nilibisha kwa buti.

“Nani?”

“Shemeji yako.”

“Umekuja kuolewa?”

“Nimeshaolewa na mmoja wa ukoo wenu, inatosha. Fungua, nimeganda.”

Akafungua. Vifaa vya Shaylene vilikuwa mezani juu ya taulo safi, vimepangwa kutoka kikubwa hadi kidogo, vinang’aa. Hapakuwa na nafasi hata ya kikombe. Alikuwa anakula amesimama.

“Unajua kuvitumia?” nikamuuliza, nikajuta papo hapo kuvitaja.

“Koleo ninazijua. Hii,” akainua testa, “ndiyo nzuri. Ukiigusisha kwenye tundu la ukutani inalia. Nimepima jiko, nimepima redio. Nimempima hata mbwa.”

“Ikawaje?”

“Hana umeme.”

Nilicheka hadi nikakaa. Kisha nikamkabidhi mfuko. Akalitoa blanketi, akalifungua lote, akalishika juu kama mtu anayeanika shuka. Kwa muda mrefu nilichokiona ni vidole vyake tu.

“Hili shati la kijani nilimpa mimi,” akasema nyuma ya blanketi. “Ile Krismasi ng’ombe walipoganda.”

“Ndiyo.”

“Lilimbana.”

“Lilimbana, na alilivaa miaka kumi na moja.”

Akalishusha taratibu. “Lilikuwa wapi Jumamosi?”

Ningeweza kusema nimelimaliza jana. Alikuwa ananitazama kwa macho yale yale ya Ambrose, madogo, yasiyo na haraka.

“Chini ya kitanda changu. Lilikuwa lako tangu mwanzo, Orville. Nililishona nikitaja jina lako. Halafu nikashindwa kuliachia. Nilikuficha wewe, na wewe ndiye uliyevunja mgongo kwa ajili yake.”

Mbwa alitoka chini ya meza, akalinusa blanketi, akaanza kutikisa mkia. Alimfahamu Ambrose.

“Kwa hiyo,” Orville akasema, “yule msichana alitoa vifaa vyake kwa sababu blanketi langu lilikuwa kitandani kwako.”

“Sijasema hivyo.”

“Hujasema. Nimesema mimi.”

“Sikuja kuomba kitu, shemeji. Nimekuletea chako, basi.”

“Ninajua hukuja kuomba. Ungeomba ningekutoa nje na baridi hii.” Akakaa kitandani, blanketi mapajani. “Leota alipita jana. Alisema anaazima chumvi. Alikaa saa mbili.”

Basi Leota alikuwa amemweleza yote. Nilimwomba Mungu amsamehe Leota, na sikuharakisha hiyo sala.

“Nikilirudisha lile sanduku,” akasema, “nitakuwa nimemwambia yule mtoto kwamba alichonipa hakinifai. Mbele ya watu alinipa. Nikimrudishia kimya kimya ndiyo mbaya zaidi, tutakuwa tumecheza mchezo wa kitoto juu ya kaburi la kaka yangu. Sirudishi, Delphine.”

“Usirudishe.”

“Sirudishi.”

“Nimesikia, Orville.”

“Na usiniombe msamaha. Nitalia, na huyu mbwa hataniheshimu tena.”

Nilimwacha pale. Njiani upepo ulinipiga usoni, na nilijikuta mwepesi kama mtu aliyetoka kuungama. Lakini Shaylene alikuwa bado hana vifaa, na kesho yake ilikuwa Alhamisi.

* * *

Bernelle alifika saa nne kasoro, na faili lake na kikohozi chake. Ni mwanamke wa hamsini hivi, wa wilaya ya pili, mkali kwa karatasi. Shaylene alikuwa amevaa buti, nywele amezisuka msuko mmoja mgongoni. Niliwawekea kahawa.

“Haya mdogo wangu, nina nyumba tatu nyingine leo na barabara ni barafu tupu. Vilete.”

“Dada Bernelle, sina.”

“Viko wapi?”

“Nimevigawa. Jumamosi, kwenye siku ya babu.”

Bernelle akaweka kalamu chini. Akamtazama Shaylene, akanitazama mimi, akatazama picha ya Ambrose ukutani. “Umempa nani?”

“Aliyemchimbia kaburi.”

 Bernelle akatikisa kichwa. “Mama yangu aligawa jokofu. Likiwa na nyama ndani. Baba aliporudi kutoka malishoni akadhani tumeibiwa.” Akacheka, akakohoa, akafuta macho. “Ninakuelewa kabisa. Lakini karatasi hii hainiulizi kama ninakuelewa. Inaniuliza kama vifaa vipo. Nikiandika vipo wakati havipo, kazi ninaipoteza mimi, na msaada huu wanaufunga kwa wote. Unajua ninachopaswa kuandika.”

“Ninajua,” Shaylene akasema. “Andika tu, dada.”

Akaichukua kalamu. Nilikuwa nimeshika rozari mfukoni mwa aproni, na nakumbuka punje niliyokuwa nimefika. Ndipo tukasikia mlango wa gari ukibamizwa nje.

Orville aliingia bila kubisha. Alikuwa amejifunika blanketi la mashati mabegani, mkononi ana sufuria kubwa inayotoa mvuke. Nyuma yake alikuwa Leota, amebeba beseni la mikate ya kukaanga, amevaa kofia yake ya kanisani.

“Kaeni,” Orville akasema. “Mnakula.”

“Mzee, mimi nina nyumba tatu...” Bernelle alianza.

“Unakula, mama. Hakuna mgao bila chakula.”

Nikasikia neno hilo, mgao, nikainuka upesi. Nikatoa mabakuli. Ilikuwa supu ya nyama na mahindi makavu, ina chumvi kupita kiasi, kwa hiyo Leota kweli aliazima chumvi, na yote aliimwaga humu. Tulikula wote watano bila maneno mengi. Bernelle alimaliza bakuli lake akaongeza.

Orville alipoona mabakuli yako matupu akamgeukia Leota. “Haya. Ile sauti yako unayotumia dukani, itumie sasa.”

Leota akasimama, goti bovu na yote, akajikohoza kama mtangazaji wa kweli. “Sikilizeni! Orville anasema ana mjukuu. Anasema mjukuu wake anakwenda kujifunza kazi ya umeme, na katika ukoo wao mpaka leo hakuna aliyewahi kuushika umeme isipokuwa Orville mwenyewe, na yeye ulimrusha!”

“Hilo sikukuambia useme,” Orville akanong’ona.

“Anasema hawezi kumwacha mjukuu wake aondoke bila watu kujua kwamba ana watu! Kwa heshima yake, leo anagawa!”

Leota alimwita kwanza Bernelle, kwa kuwa ni mgeni, na Orville akampa soksi nene za sufu, bado zina karatasi ya dukani. Bernelle alisimama, akampa mkono. Leota akapata mfuko wa kahawa. Mimi nikapata msuko wa viazi pori vilivyokaushwa, mrefu kama mkono wangu, alivyovichimba mwenyewe kiangazi.

“Na mjukuu wake Shaylene!” Leota akapaza sauti.

Orville akatoka, akarudi na sanduku jekundu. Alilibeba kwa mikono miwili, vile vile kama lilivyobebwa kuletwa kwake, akaliweka mbele ya miguu ya Shaylene.

Hakuwa amerudisha kitu. Vile vilikuwa vifaa vyake Orville, naye anawapa anaotaka. Shaylene alilielewa hilo mara moja, nami niliona uso wake ulivyofunguka.

Bernelle alivuta orodha yake, huku bado anatafuna mkate. Koleo, tiki. Bisibisi, tiki. Nyundo, mkanda, tiki, tiki. “Testa?”

Tukatafuta. Orville akatazama dari. Kisha, polepole sana, akaitoa mfukoni mwa shati lake.

“Nilikuwa nampima mbwa asubuhi,” akasema.

Akampa Shaylene. Shaylene akaishika, akamtazama Orville alivyokuwa anaiaga kwa macho. Nikaona vidole vyake vinaanza kufunguka. Ninamjua mjukuu wangu.

“Shaylene,” nikasema. “Usithubutu.”

“Usithubutu!” Bernelle na Leota wakasema kwa pamoja, na Bernelle akaweka sahihi palepale, haraka, kabla mtu hajagawa kitu kingine.

Kilichobaki ni kupeana mikono, kama desturi ilivyo. Shaylene alisimama mbele ya Orville, akampa mkono, kisha mkono haukumtosha akamkumbatia, uso wake ukazama ndani ya shati la kijani la babu yake. Alikaa pale muda mrefu. Nadhani alisikia ile harufu, maana mabega yalimtikisika.

Orville alifungua kinywa. Nilijua utani unakuja, nikajiandaa kucheka. Haukuja. Akanitazama juu ya kichwa cha mtoto, akafumba kinywa chake tena. Alimwachilia taratibu, akavuta blanketi vizuri mabegani, akachukua sufuria yake tupu mezani, akafungua mlango, akatoka.